Maji ya Alhamisi

Tarehe tatu Agosti mwaka jana, siku ya Jumapili, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa ameketi kizingitini anamenya muhogo. Kisu kilimtoka mkononi, akasema anaona joto, kisha hakusema neno jingine. Hospitalini walisema ni presha. Naandika hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wengi waliniuliza, na wengine wakasema bila kuuliza, kwamba aliuawa na maji ya ziya. Sivyo. Maji yale ni mabaya, na ubaya wake nitaueleza, lakini siyo yaliyomuua.

Ziya, kwetu Ganda, ni mahali pa bondeni ambapo maji ya mvua hukusanyika na kukaa. Letu halikauki ila mwaka wa shida kubwa. Lina matete upande wa kaskazini, na upande wetu kuna njia ya udongo iliyochongwa na miguu ya watu. Mbuzi hunywa hapo, nguo hufuliwa kando yake, na mfereji wa bomba ukinyamaza, nao hunyamaza mara nyingi, hata maji ya kunywa tunateka hapo tukayachemsha. Mke wangu alizaliwa ng'ambo ya ziya hilo hilo. Ukisimama kwetu unaona moshi wa jikoni kwao. Hata hivyo miaka yote thelathini na mmoja ya ndoa yetu alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye aliolewa mbali, na kwamba nauli ya kurudi kwao hakupewa.

Mimi nilifika darasa la saba, yeye la nne. Kazi yangu ilikuwa kutunza bwawa la kuogelea la hoteli moja pale Malindi. Nilifika kabla wageni hawajaamka, nikapita na wavu wa mpini mrefu kuokota majani na wadudu, nikasugua kuta kwa brashi, nikatia dawa. Adui yangu alikuwa mmoja tu, nao ni ule ukijani. Ukiyaacha maji siku mbili za jua kali bila dawa, siku ya tatu unayakuta yameanza kugeuka, na kuta zinateleza. Niliupiga vita miaka ishirini na miwili. Hoteli ilipofungwa nilirudi nyumbani nikiwa na goti bovu na mikono iliyochubuliwa na klorini, nikadhani mimi na maji ya kijani tumeagana.

Haukupita muda mrefu, watu wa chuo kikuu wakaja. Walikuwa wakichunguza maji yasiyo ya chumvi ya pwani hii: maziwa ya kule Magarini, madimbwi ya mjini Malindi yaliyobaki pale watu walipochimba mawe, na maziya kama letu. Walitaka kujua kwa nini maji mengine hufunikwa na utando wa kijani wakati wa joto, na kama utando ule una sumu. Kila mahali walihitaji mtu wa kuteka chupa moja kila Alhamisi na kupima weupe wa maji. Kwetu walimchagua mke wangu, kwa kuwa kila walipopita walimkuta pale na mbuzi wake.

Siku hiyo alinicheka mpaka akashika ubavu.

"Miaka ishirini na miwili wewe umelipwa kuufukuza ukijani," akaniambia. "Mimi nimeletewa chupa niuhesabu. Sasa nani msomi hapa?"

"Msomi wewe."

"Basi leta daftari, karani."

Ndivyo kazi ilivyogawanyika. Yeye aliteka, mimi niliandika.

Aliyetufundisha alikuwa dada mmoja mwanafunzi wa chuo, mtu wa bara, mpole, aliyevaa viatu vya mpira mpaka magotini. Alitoa shikamoo kwa kila mtu, hata kwa watu wa rika lake. Walikuwa wamejenga ubao mfupi unaoingia majini ili mtekaji asikanyage maji akapata kichocho, na mwisho wa ubao wakasimika kigingi chenye alama. Akatuonyesha: laza chupa hapo kwenye kigingi, juu kabisa, yaingie maji kama yalivyo, usiyavuruge. Tia matone mawili ya dawa yenye rangi ya chai. Funga. Kisha teremsha sahani. Sahani ilikuwa ya bati, imepakwa nusu nyeupe nusu nyeusi, na kamba yake ilikuwa na fundo kila shibiri. Unaiteremsha polepole, na pale inapokupotea machoni unahesabu mafundo. Maji yakiwa safi sahani huonekana mbali chini. Yakiwa machafu hupotea upesi. Yote hayo aliyaacha pia kwenye karatasi yenye michoro iliyofunikwa na plastiki isiingie maji.

"Umeelewa, Mama?"

"Nimeelewa, mwanangu. Nisiyavuruge."

Nakumbuka Alhamisi zile kuliko siku nyingine zote za ndoa yetu, na sijui kama hilo ni jambo la kusema juu ya ndoa. Tulitoka baada ya chai. Yeye mbele na mbuzi, karai la kunyweshea kichwani na kata mkononi, ile kata ya kifuu cha nazi yenye mpini wa mti. Mimi nyuma na daftari, kamba na chupa. Chupa alikuwa amezishonea mifuko ya kaniki kuukuu, kwa sababu walisema zisipigwe na jua. Watu wa chuo waliipenda ile mifuko hata wakamwomba ashone mingine kwa ajili ya wenzake wa mahali pengine. Alijivuna wiki nzima.

Kwenye ubao alijikunja kanga, akapiga magoti, akateka, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ya kuita mtu aliye mbali, ingawa mimi nilikuwa hatua tatu tu nyuma yake.

"Tano! Tano na kidogo!"

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo cha kutosha."

"Chuo hakijui kidogo cha kutosha."

"Andika tano na nusu basi, we mzee, usinihoji kama niko kortini."

Niliandika tano na nusu. Kando niliandika mambo mengine ambayo hayakuombwa: mawingu, mvua ya usiku, mbuzi mweusi amezaa. Saa tatu kijana wa pikipiki alifika na sanduku la barafu alilojaziwa na wauza samaki, na chupa zetu zikaenda chuoni zikinuka samaki changu.

Mwaka wa pili, yule dada wa chuo alikuja akatuambia kwamba utafiti utakapokwisha utaandikwa kitabu, na majina ya waliokuwa wakiteka maji yatapigwa chapa humo. Mke wangu aliacha kupepeta mchele.

"Jina langu lote?"

"Lote, Mama. Kama lilivyo kwenye kitambulisho."

"Kwenye kitambulisho wamelikosea. Mzee atakuandikia."

Niliandika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, naye akasimama nyuma yangu kuhakikisha, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa taabu. Tangu siku hiyo hakukosa hata Alhamisi moja. Alikwenda na homa. Alikwenda asubuhi ya harusi ya binti yetu, akiwa amepakwa hina mikono yote miwili. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Hicho alikitaka.

Baada ya mazishi sikushuka ziyani mpaka matanga yalipomalizika na watoto wakarudi Mombasa kwenye kazi zao. Mdogo wake mke wangu, ambaye bado anakaa kule ng'ambo kwao, alichukua mbuzi. Mwisho wa Septemba yule dada wa chuo alinipigia simu kunipa pole kwa mara ya pili, na kwa aibu kubwa akauliza kama kuna mtu wa kuendelea na kazi. Nikamjibu nipo.

Kwa vile sikuwa nimewahi kuteka, nilifuata karatasi neno kwa neno. Nililaza chupa juu kabisa, kwenye kigingi, maji yakaingia na utando wake, mazito kama rangi ya kupaka milango. Nikatia dawa. Nikateremsha sahani. Fundo la pili halijazama vizuri, sahani imepotea. Nikaivuta nikateremsha tena. Mawili. Nikadhani ni macho yangu, maana siku zile yalikuwa na machozi bila taarifa. Nikaandika mawili.

Wiki iliyofuata, mawili. Iliyofuata, mawili na kidogo.

Simu ikaja. "Mzee, shikamoo. Hizi chupa zako zimetushangaza. Una hakika umefuata ile karatasi?"

"Kama ilivyo."

"Basi ziya limeharibika, tena ghafla. Mama alikuwa akitupa mafundo matano, sita. Kuna kitu kimeingia majini tangu Agosti."

Kitu kipya kilichokuwepo tangu Agosti kilikuwa kimoja, na kila mtu alikiona. Juu ya ziya, upande wa machweo, kulikuwa na jirani yetu mmoja mwenye watoto wadogo. Baada ya mazishi alianza kulima bamia na bilinganya, akivuta maji kwa pampu na kutumia mbolea ya dukani. Mbolea ikishuka majini hulisha ule ukijani. Hilo hata mimi nalijua. Kamati ya maji ikaketi, ikamwambia azime pampu na aache mbolea mpaka chuo kiseme. Alizima. Jua lilikuwa kali na bamia zilikuwa zimeanza kutoa maua.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Alhamisi moja ya Oktoba nilikuwa nimepiga magoti kwenye ubao na karatasi yangu, na shemeji yangu, yule mdogo wake mke wangu, akashuka na mbuzi na kata.

"Sogea, mlamu. Mbuzi wana kiu, hawajui mambo ya chuo."

Nikasogea. Akainama, akaigeuza kata kifudifudi, na kwa mgongo wake akausukuma ule utando, kulia, kushoto na mbele, mara tatu, kwa wepesi kama mtu anayepangusa meza. Maji yakabaki meusi na safi mbele yake. Akageuza kata, akateka, akamimina kwenye karai.

"Mbona umefanya hivyo?"

"Nimefanya nini?"

"Hivyo, na kata."

Aliutazama mkono wake kana kwamba mimi nimeona jipu. "Nimeteka maji," akasema. "Kwenu mlikuwa mkiteka vipi?"

Ndipo akanieleza, akishangaa kwamba sikujua. Mama yao hakukubali maji yatekwe bila kuyanawisha uso kwanza. Ndivyo walivyosema kwao, kuyanawisha maji uso. Ukileta mtungi wenye hata jani moja, aliumwaga wote mlangoni, ukarudi. Hasa yakiwa maji ya mgeni. "Alitupiga sana kwa hilo," akasema. "Dada yangu alipigwa zaidi, maana ndiye mkubwa. Mpaka leo siwezi. Hata bombani nayaacha ya kwanza yamwagike."

Nikamwomba apanguse tena. Alipopangusa nikateremsha sahani haraka kabla utando haujarudi. Matano na nusu. Nikangoja ukijani ufunge. Nikateremsha tena. Mawili.

"Una nini, mlamu?" akauliza. "Umekuwa mweupe."

Niliketi pale kwenye ubao hata mbuzi wakapanda mteremko wenyewe.

Miaka mitatu mke wangu alikuwa akiwapelekea watu wa chuo maji yaliyonawishwa uso. Na mimi nilikuwa nyuma yake hatua tatu, kila Alhamisi, nikimtazama. Ningesema sikuona, lakini ningekuwa mwongo. Niliona ile kata ikienda kulia, kushoto, mbele. Niliiona kama unavyomwona mtu akifuta kiti kabla mgeni hajakaa. Hakuna anayeandika kwamba kiti kimefutwa. Yeye naye aliambiwa asiyavuruge, na kwake kuyavuruga ilikuwa ni kuchafua, ni kutibua tope. Chupa ilikuwa inakwenda kwa watu wenye heshima zao. Siku ya kwanza, yule dada alipotuonyesha, ni yeye aliyeteka kwa mkono wake, na baada ya hapo hakuna aliyekuja kumtazama mke wangu akiteka. Nani angetaka kumtazama mwanamke wa Ganda akiteka maji?

Ziya halikuharibika Agosti. Lilikuwa bovu muda wote huo, na bamia hazikuwa na kosa la kuligeuza ghafla.

Nilinyamaza wiki mbili. Nataka hilo lijulikane. Nilijua Alhamisi ile, na Alhamisi iliyofuata nikaandika mawili nikanyamaza, na nyingine tena. Kila nilipofungua mdomo niliona kile kipande cha karatasi chenye herufi kubwa, na yeye amesimama nyuma yangu. Kama ningesema, madaftari yake matatu yangekuwa takataka, na jina lake lingetolewa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kaburi lake bado halikuwa na saruji. Nilijiambia jirani atapanda tena, ni bamia tu. Nilipita kwa njia nyingine nisiuone mteremko wake.

Kilichonishinda si wema. Kamati ilitangaza kikao cha kumwondoa kabisa jirani yule kando ya ziya, na wakataka daftari letu liwe ushahidi. Mwenyekiti alinijia nyumbani. "Lile daftari la marehemu," akasema, "ndilo litakalomaliza maneno." Mke wangu hakuwahi kumsema mtu vibaya mbele ya watu, na sasa mkono wake ungetumika kumnyima mtu shamba. Jioni ile ile nikampigia simu yule dada wa chuo, nikamwomba aje kabla ya kikao.

Alikuja kesho yake. Nikamweka kwenye kiti kizuri, nikamwambia yote, kuanzia kata mpaka wiki zangu mbili.

"Miaka yote mitatu?" akauliza.

"Yote."

"Na wewe Mzee ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwa nimesimama hapo."

Akainuka, akashuka ziyani peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Niliogopa kumfuata. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na tope na macho yalikuwa mekundu. Mimi sikujua kwamba kitabu kile ndicho cha shahada yake, kwamba naye alikuwa amejenga miaka yake mitatu juu ya madaftari yale.

"Kosa ni letu pia," akasema. "Tulimfundisha mara moja tukaondoka. Hiyo ndiyo shida ya sisi wa chuo, tunafikiri karatasi inatosha."

"Mtayatupa?"

"Daftari haitupwi, Mzee."

Mke wangu angemsahihisha, angemwambia *halitupwi, mwanangu*, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na wangecheka.

"Lakini siwezi kutia hizi hesabu kama zilivyo," akaendelea. "Kila ukurasa lazima uandikwe ukweli wake. Na aandike mtu aliyeona."

"Na jina lake?"

"Jina litabaki. Na maelezo yatabaki pamoja nalo. Yataandikwa vile mambo yalivyokuwa, kwamba uso wa maji ulipanguswa kabla ya kuteka."

Sikulala vizuri kwa sababu ya jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawili: lifutwe, au liachwe. Sikujiandaa kwamba jina lake na kosa lake vitakaa kwenye karatasi moja mbele ya watu wasiomjua. Lakini ndiyo kweli.

Kikao hakikufanyika. Dada wa chuo alizungumza na mwenyekiti, na mimi nikaenda mwenyewe kwa jirani. Nilimkuta anang'oa mabua.

"Kwa hiyo," akasema nilipomaliza, "bamia zangu zimekufa kwa sababu mama alikuwa na adabu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua lini?"

"Kuna wiki mbili."

Aliyapiga mabua mguuni udongo umwagike. "Ungesema wiki ya kwanza, ile mistari ya juu yote ingepona. Ningeinywesha hata kwa debe." Hakupaza sauti. Mke wake alikuwa akisikiliza mlangoni, akasema, "Mwache, amefiwa." Yeye akajibu, "Najua amefiwa. Nilichimba kaburi." Ilikuwa kweli, alichimba. Nilimpa mkono, akaupokea, lakini mpaka leo akinisalimia husalimia kwa kifupi, na sina haki ya kudai zaidi. Chuo kilimwambia aache ukanda wa nyasi kati ya shamba na maji ili mbolea isishuke, naye ameuacha.

Alhamisi iliyopita yule dada alikuja na madaftari yote matatu. Tuliketi barazani, shemeji akatuletea mahamri na chai. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu, *Uso wa maji ulipanguswa*, kisha kutia sahihi.

Nilianza na daftari la kwanza. Mwandiko wangu wa miaka ile ulikuwa umenyooka zaidi. Tano na nusu, mawingu. *Uso wa maji ulipanguswa.* Sita, mvua ya usiku. *Uso wa maji ulipanguswa.* Matano, mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja amekufa. Matano na kidogo cha kutosha. Siku hiyo nilikuwa nimekasirika nikaandika kama alivyosema. Dada wa chuo alicheka alipoisoma, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Nikamwambia acheke. Palikuwa na ukurasa wenye alama ya kidole cha hina. Palikuwa na mwingine ambao nilikuwa nimeandika *amekataa kuniambia hesabu mpaka nimwombe msamaha*, na sikukumbuka hata kidogo kosa lilikuwa nini. Nilikaa sana kwenye ukurasa huo. Nao nikauandika nyekundu, nikatia sahihi.

Saa zikaenda. Mkono uliuma. Shemeji alinionea huruma, akataka kunisaidia kuandika, lakini hakuwa ameona, kwa hiyo haikufaa.

Nikafika ukurasa wake wa mwisho katika daftari la tatu, Alhamisi ya siku tatu kabla hajafa. Hesabu ilikuwa mawili na nusu. Kando yake mtu wa chuo alikuwa ameizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza.

"Hiyo tulidhani mmekosea kuhesabu," dada akasema. "Ilikuwa peke yake, tukaiacha nje."

Niliweka kalamu kwenye karatasi, ikakataa kwenda. Siku ile ilinijia yote. Tulikuwa tumefika ziyani, akashika kiuno, akasema amesahau kata nyumbani.

"Rudi uilete, mzee."

"Na goti hili? Teka hivyo hivyo."

"Hivi hivi? Hata wewe unaona yalivyo?"

"Maji ni maji. Pikipiki inakuja."

Alinung'unika, akapiga magoti, akalaza chupa juu ya utando kama ulivyo. "Haya," akasema, "leo wasomi watapelekewa maji hayajaoga. Wakiuliza, ni wewe." Kisha akahesabu kwa ile sauti yake, mawili na nusu, nami nikaandika bila kufikiri, na pikipiki ikaja.

"Hapa hakupangusa," nikasema.

Dada wa chuo aliinua uso. "Una hakika, Mzee? Usiseme kwa sababu ni ya mwisho."

"Nina hakika. Hakuwa na kata. Mimi ndiye niliyekataa kuirudia."

Akamtazama shemeji, ambaye alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Akaniomba niandike hivyo. Niliandika, *Siku hii hakuja na kata, uso haukupanguswa*, nikatia sahihi. Akalivuta daftari kwake, akaikata ile alama ya kuuliza kwa mstari mmoja, akasema hesabu hii itaingia kitabuni kama ilivyo, akatia yote matatu mkobani. Chai ilikuwa imepoa. Kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na pikipiki ilikuwa njiani, tukainuka sote watatu tukashuka kuteka.